Jibu sahihi la kwanza ndilo linaloua mjadala darasani: uzi kwa walimu wenzangu

Chaki Nyeupe

Walimu wenzangu, habari za majukumu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Kila semina tunaambiwa "shirikisheni wanafunzi, waacheni wajadili", halafu tunarudi madarasani bila mtu kutuonyesha mjadala wenyewe unaendeshwaje. Nimefundisha hisabati miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilidhani najadiliana na wanafunzi wangu, kumbe nilikuwa nawahoji.

Nianze na kipindi kimoja ambacho sikisahau. Niliandika ubaoni: 3/4 na 5/6, ipi kubwa, au zinalingana? Mikono ikapanda. Nikamchagua msichana mmoja ambaye huwa hakosei. Akasema 5/6, kwa sababu ukizipeleka zote kwenye asili ya 12 unapata 9/12 na 10/12. Nikasema "Vizuri sana!" Darasa likampigia makofi. Nikauliza "Mmeelewa?" Wakaitikia kwa pamoja "Ndiyoo", nikaendelea na somo.

Jioni nikawa nasahihisha madaftari. Swali la tatu la zoezi lilikuwa 4/5 na 7/8. Daftari baada ya daftari nakuta maneno yaleyale: "Zinalingana, kwa sababu 5 toa 4 ni 1 na 8 toa 7 ni 1." Karibu nusu ya darasa. Wazo hilo walikuwa nalo kichwani hata wakati wanapiga makofi. Hakuna aliyelitoa, kwa sababu nilikwisha kumtangaza mshindi kabla wengine hawajafungua midomo.

Ndiyo maana nasema mjadala unapona au unakufa katika zile sekunde chache baada ya jibu la kwanza. Swali linaweza kuwa zuri sana, lakini mwalimu akishasema "safi" au "hapana, mwingine", kila mtu anajua kwamba kazi ya kufikiri imekwisha na iliyobaki ni ya kunakili.

Wataalamu wamelitazama jambo hili muda mrefu. Mwaka 1975 Sinclair na Coulthard kule Uingereza, na mwaka 1979 Hugh Mehan kule Marekani, walichambua mazungumzo ya darasani wakakuta mtindo uleule: mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu, mwalimu anatoa hukumu. Kisha duara linaanza upya. Mpira unarudi kwa mwalimu kila mara, wanafunzi wawili hawapasiani kamwe. Ned Flanders naye alikuwa na kanuni yake ya theluthi mbili: theluthi mbili ya muda wa darasani ni maneno, na theluthi mbili ya maneno hayo ni ya mwalimu. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikataa. Nikaweka simu mezani nikajirekodi kipindi kizima, na nilipoisikiliza nyumbani nikakubali.

Halafu kuna Mary Budd Rowe. Huyu mama nampenda sana, kwa sababu alipima kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakiona: ukimya. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 1974 alionyesha kwamba walimu kwa wastani wanasubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza swali, na mwanafunzi akimaliza kujibu, wanadakia haraka vilevile. Wakisubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yanakuwa marefu, wanafunzi wengi zaidi wanajitolea kusema bila kuitwa, "sijui" zinapungua, na watoto wanaanza kuulizana wenyewe. Na kuna jambo moja lililonichoma: wanafunzi ambao mwalimu anawaona wazito ndio waliopewa muda mfupi zaidi. Yaani anayehitaji kusubiriwa ndiye tunayemkimbia.

Watu wengi wanakumbuka ukimya wa kwanza, ule wa baada ya swali. Mimi naona wa pili ndio wenye dawa. Mwanafunzi amemaliza sentensi, anakuangalia usoni, na wewe huna haraka. Mara nyingi anaongeza: "…kwa sababu…" Au jirani yake anasema "Lakini mwalimu, mbona…" Huyo jirani asingesema neno kama ungedakia.

Sasa niwaambie nilivyorudia kipindi kilekile mwaka uliofuata, na darasa jingine.

Usiku wa kabla yake nilikaa na swali langu na karatasi tupu. Sikuandika jibu. Niliandika makosa: mtu atakayekosea atakuwa amewaza nini? Nikapata mawazo manne. Wapo watakaochora, na baadhi yao watachora kanda mbili zisizolingana urefu. Wapo wa "zimebakiza kimoja kimoja". Wapo wa kutafuta asili moja. Na nilitumaini angalau mmoja ataangalia kile kipande kilichobaki kina ukubwa gani.

Darasani nikaandika swali, nikasema: dakika 3, kila mtu kimya, daftarini, na uandike kwa nini. Nikazunguka na kalamu na kijikaratasi. Sikusahihisha mtu, wala sikutikisa kichwa, maana watoto wanausoma uso wetu kuliko wanavyousoma ubao. Nilikuwa naandika tu nani ana nini. Kisha nikawaambia waongee na jirani dakika 2. Hapo ndipo kelele nzuri ilipoanza.

Tulipokusanyika tena, sikuuliza "nani anajua?" Nilikwisha kujua nani atasema na kwa mpangilio gani. Nikaanza na mvulana aliyechora kanda zisizolingana. Akaja ubaoni akachora. Nikasogea pembeni ya darasa, karibu na dirisha, nikanyamaza. Sekunde kadhaa. Msichana wa mbele akasema, "Mbona ukanda wako wa chini ni mrefu?" Yeye akautazama, akaufuta, akauchora upya. Mimi sikusema kitu.

Kisha nikamwita wa "zimebakiza kimoja". Akaeleza kwa kujiamini kabisa, na nusu ya darasa ikaitikia kwa vichwa. Nikaliandika wazo lake ubaoni kwa maneno yake mwenyewe, bila tiki wala mkasi. Nikamwuliza mwanafunzi mwingine, "Unaweza kutueleza mwenzako amesema nini, kwa maneno yako?" Akaeleza. Nikamrudia mwenyewe: "Ndivyo ulivyomaanisha?" Akasema ndiyo.

Akafuata wa asili ya 12. 9/12, 10/12. Sasa ubaoni kuna majibu mawili yanayogongana na darasa linayaona yote mawili. Mtu akasema kwa sauti, "Haiwezekani zote ziwe kweli."

Ndipo nikampa nafasi binti mmoja wa dawati la nyuma ambaye kwenye kijikaratasi changu nilikuwa nimemzungushia duara. Akasema: "Zote zimebakiza kipande kimoja, hapo amesema kweli. Lakini kwenye 3/4 kilichobaki ni robo, na kwenye 5/6 kilichobaki ni sehemu ya sita. Robo ni kubwa. Kwa hiyo 3/4 imepungukiwa zaidi."

Nikanyamaza. Nilihesabu moyoni hadi 6. Yule mvulana wa "zimebakiza kimoja" alikuwa bado amesimama pale, akitazama zile kanda. Akasema polepole, "Kumbe moja zenyewe hazilingani."

Maneno hayo sijawahi kuyaona kwenye kitabu chochote, na ningefundisha mwaka mzima nisingeyapata. Na tazameni aliyeyasema ni nani: ndiye aliyekuwa amekosea.

Baadaye nikaja kugundua kwamba nilichofanya kina watu waliokiandika vizuri. Margaret Smith na Mary Kay Stein wanataja hatua tano za kuendesha mjadala wa hisabati: kutabiri majibu kabla ya kipindi, kuzunguka ukiona wanavyofanya, kuchagua nani atatoa wazo lake, kuyapanga mawazo yafuatane vipi, na kuyaunganisha. Hatua mbili za mwanzo ndizo zinazobeba zote. Mwalimu aliyetabiri hashtuki, na asiyeshtuka anaweza kunyamaza.

Naomba mawazo yenu, hasa nyie wa masomo mengine.

Rula ya Mbao

Mleta uzi, ubarikiwe. Nimeusoma mara mbili. Ila naomba kuuliza kwa dhati: darasa langu lina wanafunzi 74. Nikizunguka kuona kila daftari, kipindi kimekwisha. Na nikisema "ongeeni na jirani", nitawarudishaje? Mara ya mwisho nilijaribu makundi, mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia akidhani kuna ugomvi.

Chaki Nyeupe

Mwalimu Rula, swali lako ni la wengi. Kwanza, huhitaji kuona madaftari 74. Pita njia moja tu kati ya madawati, soma madaftari 12 au 15, kesho upite njia nyingine. Ukishayatabiri makosa nyumbani, unachotafuta ni nani amebeba wazo lipi, na mawazo yenyewe huwa hayazidi manne au matano hata wanafunzi wawe 100.

Pili, kwa darasa kubwa acha makundi ya watu sita sita. Katika kundi la sita, wawili wanaongea, mmoja anaandika, watatu wanasubiri kengele. Jozi inatosha. Frank Lyman alipendekeza utaratibu huu mwaka 1981: fikiri peke yako, ongea na mwenzako, kisha mshirikishe darasa. Wengi tunairuka ile hatua ya kwanza, nayo ndiyo yenye kazi. Mtoto asiyepewa dakika ya kukaa na wazo lake, akifika kwa jirani hana cha kumpa, anapokea tu.

Kuhusu kuwarudisha: kubalianeni ishara moja na uifanyie mazoezi siku ambayo hakuna mjadala. Mimi nainua mkono, kila anayeuona anainua wake na kumaliza sentensi yake. Nawaambia "maliza sentensi", siwaambii "nyamaza". Mtu aliyekatwa katikati anaendelea kunong'ona, aliyemaliza ananyamaza mwenyewe. Wiki ya kwanza ilichukua muda. Usikate tamaa wiki ya kwanza.

Kipimapembe

Mimi nitapinga, na sipingi kwa ubaya. Kipindi ni dakika 40. Silabasi haingoji. Mwalimu ametumia kipindi kizima kwa swali moja la sehemu, wakati kanuni ya kutafuta kigawe kidogo cha shirika (KDS) angeifundisha kwa dakika 10 na mazoezi 20 yakafuata. Pili, unapomweka mwenye wazo la kosa mbele ya darasa aeleze "kwa kujiamini kabisa", huoni kwamba wanafunzi dhaifu wataondoka na kosa hilo? Mimi nimeona mijadala mingi ambayo mwisho wake ni kelele na kila mtu kubaki na lake.

Chaki Nyeupe

Kipimapembe, nakushukuru, na sehemu ya mwisho ya maneno yako ni kweli tupu. Mjadala ambao mwalimu hajui unaelekea wapi ni kupoteza muda wa watoto. Nimeendesha wa namna hiyo mingi.

Kuhusu muda: sifanyi hivi kila kipindi. Kanuni ya KDS naifundisha kwa mazoezi kama wewe. Mjadala nauweka pale ninapojua kuna wazo la kosa lililokita mizizi ambalo kanuni hailing'oi. Wale watoto wangu wa mwaka wa kwanza walikuwa wanaijua KDS. Walipoambiwa "tafuta asili moja" walifanya vizuri. Walipoulizwa ipi kubwa, hawakuikumbuka, walirudi kwenye wazo lao. Dakika 10 nilizookoa nilizilipa kwa kurudia somo lilelile mara tatu kabla ya mtihani.

Kuhusu kosa kuenea: hakulileta yule mvulana. Lilikuwa tayari kwenye madaftari. Lisiposemwa linabaki pale likijificha nyuma ya "ndiyoo". Lakini una haki katika hili: usiwaache waondoke kabla mambo hayajaunganishwa. Dakika 5 za mwisho ni zangu. Narudi ubaoni, nachora mshale kutoka wazo hadi wazo, nasema wazi lipi limesimama, lipi limeanguka na limeangukia wapi. Kisha kila mtu anaandika swali jipya peke yake, mimi nilichukua 7/8 na 9/10, na ninakusanya karatasi mlangoni. Kunyamaza katikati ya mjadala hakumaanishi mwalimu asiseme kweli mwishoni.

Darubini

Mimi ni wa fizikia na nakazia hoja ya mleta uzi kwa mfano wa kwetu. Eric Mazur, profesa wa Harvard, alianza miaka ya 1990 kufundisha kwa utaratibu wa wanafunzi kufundishana wao kwa wao. Anauliza swali la dhana lenye machaguo, kila mtu anapiga kura bila kuongea, kisha wanajadiliana na jirani na kupiga kura tena. Kipimo chake kinasaidia sana: waliopata wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, waache wajadili. Wakiwa chini ya hapo, wengi hawana cha kuelezana, rudi ufundishe. Wakiwa juu ya hapo, eleza kwa kifupi usonge mbele. Kipimapembe, hii inajibu hofu yako ya muda, kwa sababu unajua mapema kama mjadala una faida leo au hauna.

Kura zangu ni vidole. Kila mmoja anaweka vidole kifuani, 1, 2 au 3, wote kwa mpigo nikisema "sasa". Kifuani, ili asitazame cha mwenzake.

Swali langu ninalolipenda ni hili: kimtumbwi kidogo kinaelea kwenye beseni la maji, ndani yake kuna jiwe. Ukilitoa jiwe na kulizamisha kwenye maji ya beseni, kimo cha maji kitapanda, kitashuka, au kitabaki palepale? Mara ya kwanza wengi wanasema kitapanda, maana jiwe limeingia majini. Wapo wa palepale: "jiwe ni lilelile, maji ni yaleyale." Wachache wanasema kitashuka, na mara nyingi hawajui waeleze vipi.

Naenda kusimama nyuma ya darasa kabisa, ili wasinitazame. Nimesikia mtoto anamwambia mwenzake: "Likiwa ndani ya mtumbwi, maji yanabeba uzito wake wote. Likizama linabebwa na sakafu ya beseni, linachukua nafasi yake tu." Ndilo jibu lenyewe: likiwa mtumbwini linasukuma maji yenye uzito sawa na wa jiwe, likizama linasukuma maji ya ujazo wake tu, na jiwe ni zito kuliko maji ya ujazo huohuo. Kwa hiyo kimo kinashuka. Kisha tunafanya kweli, kibakuli kinakuwa mtumbwi, tumepiga mstari wa kalamu kwenye beseni. Mstari unapobaki juu ya maji, darasa zima linanyanyuka.

Ila kosa langu la miaka lilikuwa kuonyesha grafu ya kura kabla ya majadiliano. Wakishaona wengi wamechagua nini, wanahamia huko. Sikuhizi siwaambii kura ya kwanza imeendaje.

Mama Wawili

Mimi si mwalimu, ni mzazi, samahanini kuingilia. Nilikuwa mwanafunzi wa kukaa kimya. Sikuwa mjinga, nilikuwa nachelewa. Nikipata jibu, swali limekwisha pita. Walimu walikuwa wakiniita ghafla ili "nichangamke", na siku niliyoitwa hivyo nilisahau hata nililokuwa nalijua. Mwanangu wa pili ni vilevile. Katika mijadala yenu hii mtoto wa namna hiyo anapata wapi mlango?

Chaki Nyeupe

Dada, hukuingilia hata kidogo. Umegusa mahali ambapo mimi mwenyewe nimeumiza watoto.

Yule binti wa dawati la nyuma niliyemtaja ni mtoto wa namna yako. Hakunyoosha mkono. Nilipopita na kuona alichoandika, niliinama nikamwambia kwa sauti ndogo: "Hiki ulichoandika kitatusaidia. Nitakuomba ukisome baadaye, ni sawa?" Akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa na dakika 10 za kujiandaa, na alikuwa na maandishi ya kushika mkononi. Mtoto anayechelewa anahitaji taarifa mapema, na anahitaji kujua kwamba analokwenda kusema lina thamani. Kumwita ghafla ni kumpima ujasiri, tena wakati wewe unadhani unampima hesabu.

Na upande wa pili: wale wanne wanaojibu kila kitu. Nao ni watoto, wana furaha ya kujua, usiwazime. Ninawapa kazi nyingine. "Wewe leo sikiliza, mwishoni utuambie mawazo mawili yaliyogongana ni yapi." Mmoja aliniambia baada ya kipindi kwamba kusikiliza kulimchosha kuliko kujibu. Nilimwamini.

Mwl. Historia

Naomba nichangie kwa masomo yetu ambayo hayana jibu moja. Kwetu shida inageuka: jibu la kwanza haliwi sahihi wala kosa, linakuwa na upande. Mtu akishasema, anayefuata anampinga mtu, hapingi hoja. Dakika 10 baadaye ni "wewe ulisema", "hapana mimi sikusema hivyo".

Neil Mercer wa Uingereza, akiendeleza kazi ya Douglas Barnes, aligawa mazungumzo ya wanafunzi katika aina tatu, na mimi hunisaidia kujua niko wapi. Kuna ubishi, ambapo kila mtu anashikilia lake. Kuna kukubaliana tu, ambapo kila mmoja anaongezea juu ya mwenzake bila kulipima lililosemwa, na hii inadanganya kwa sababu ni tulivu na inapendeza. Na kuna mazungumzo ya kuchunguza, ambapo wanapingana, lakini kila anayepinga anatoa sababu na yuko tayari kubadilika.

Kilichonisaidia ni sheria ambazo wanafunzi walizitunga wenyewe mwanzoni mwa muhula, tukazibandika ukutani. Moja inasema: kabla ya kumpinga mtu, rudia alichosema mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba ndicho. Hiyo peke yake inapunguza moto, kwa sababu mara nyingi anaporudia anagundua hakuelewa. Nyingine: ukitoa dai, weka kidole kwenye chanzo. Ndiyo maana siingii mjadala bila nyaraka mbili fupi zinazotofautiana mezani. Bila kitu cha kushika wote, wanajadili hisia.

Na mimi nimeacha kuuliza maswali mfululizo. J. T. Dillon aliwahi kuonyesha kwamba maswali ya mwalimu, hata yakiwa mazuri, huweza kuuzima mjadala. Sasa badala ya kuuliza, ninasema tu: "Naona waraka wa kwanza umeandikwa na mtu aliyenufaika." Kisha nanyamaza. Sentensi hiyo imezaa zaidi ya maswali yangu kumi.

Rula ya Mbao

Mwl. Historia, hilo la kurudia mpaka mwenyewe akubali nalichukua kesho asubuhi.

Chaki Nyeupe

Mwl. Historia, kweli kabisa, na hilo la "kukubaliana tu" limenifanya nifikirie vipindi vyangu vya nyuma ambavyo nilitoka nikiwa na furaha. Vingine pengine vilikuwa utulivu mtupu.

Wakubwa, Martin Nystrand na wenzake waliwahi kuchunguza madarasa ya Kiingereza na fasihi kule Marekani, darasa la nane na la tisa, wakakuta mjadala huru kwa wastani hauzidi dakika 1 kwa kipindi. Nalitaja kwa ajili ya mwalimu anayejiona ameshindwa. Ukipata dakika 5 za kweli wiki hii, umepata nyingi.

Kipimapembe

Narudi, wiki mbili baadaye. Nilisema napinga, basi nikaona si haki kupinga nisichokijaribu.

Nilichagua kitu kidogo: 0.35 na 0.4, ipi kubwa. Usiku niliandika makosa kama mlivyosema. Nikakisia wengi watasema 0.35 kwa sababu 35 ni kubwa kuliko 4. Nikapiga kura ya vidole. Waliochagua 0.4 walikuwa kama theluthi moja. Nikasema jadilianeni na jirani. Nikarudi nyuma ya darasa.

Nilipowakusanya, nikamwita mmoja wa 0.35. Akaeleza. Nikanyamaza. Niwaambie ukweli, sekunde zile ni ndefu. Mikono yangu ilitafuta chaki. Nilifika 4 nikataka kusema, nikajizuia. Kwenye 7 msichana mmoja akasema, "Na 0.40?" Hakusema zaidi. Yule aliyekuwa ubaoni akaandika 0.40 chini ya 0.35, akasimama, akaangalia. Mwingine akauliza, "Kwani 0.4 na 0.40 ni kitu kimoja?" Hapo darasa likagawanyika upya, kwa swali ambalo mimi sikuwa nimelipanga, na kengele ikalia.

Mleta uzi, hilo sikulitabiri na sikupata zile dakika 5 za mwisho. Kesho naanzia wapi? Nirudi kwenye 0.35, au nifuate hilo lao?

Chaki Nyeupe

Fuata lao, mwalimu wangu. Ukiingia, andika ubaoni: 0.4 na 0.40, ni kitu kimoja au si kimoja? Mwambie aliyeuliza kwamba leo tunaanza na swali lake, litaje ni lake. Dakika 3 kimya, daftarini. Uwe na karatasi ya miraba, mraba mkubwa wa 10 kwa 10, apake rangi safu 4 anayetaka, na anayetaka ahesabu vijiraba 40. Wakishaona ni eneo lilelile, 0.35 itajijibu yenyewe kwenye karatasi hiyohiyo.

Na ukipata nafasi, tuandikie hapa wamesema nini. Hasa yule aliyekuwa ubaoni.